Barua ya Malalamiko: Mwanangu Mliyempeleka Riyadh

Likoni, Mombasa
10 Machi 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Wakala wa Ajira za Ng'ambo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: MSHAHARA WA MIEZI MITATU NA KURUDISHWA NYUMBANI KWA BINTI YANGU

Mimi ni mama wa msichana mliyemsafirisha kwenda Riyadh tarehe 12 Novemba 2024. Nimepiga simu ofisini kwenu mara sita, na kila nikipiga hupewa mtu mwingine anayeniuliza jina upya. Ndiyo maana sasa naandika, nami nibaki na nakala yangu.

Mlipokuja kwenye baraza la chifu mlisema mambo ya 2014, serikali ilipofuta leseni za mawakala, yamepita, na kwamba nyinyi mumesajiliwa. Mkasema nyumba moja, watu wanne, riyali 900 kwa mwezi, zaidi ya shilingi elfu thelathini za kwetu. Mkataba hatukuuona. Mwanangu alitiwa kalamu mkononi usiku ule wa safari pale nje ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kijana wenu ameweka karatasi juu ya sanduku, anamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Nilikuwa kando yake. Hakupata kusoma hata ukurasa mmoja.

Nyumba aliyoikuta ina watu tisa. Akimaliza hapo hupelekwa kwa dadake madamu, yule mwajiri wake, akapige deki na kufua tena. Sasa hivi ni Ramadhani: mchana kutwa yuko jikoni na futari, usiku anaosha vyombo vya wageni mpaka daku, na watoto wa shule wakiamka ni yeye wa kuwavisha. Sheria ya huko huko Saudia, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku na kila wiki apate siku nzima ya kupumzika. Hajapata hata moja.

Haya nimeyapata kwa sauti anazorekodi chooni, bomba limefunguliwa ili asisikike. Moja ni ya sekunde arubaini. Maneno hayafiki kumi, mengine yote ni maji. Simu yenyewe hupewa Ijumaa tu. Kwenye ile kozi mlimfundisha mashine ya kufulia na kupiga pasi kanzu. Afanye nini akinyang'anywa simu na pasipoti, hilo hamkumfundisha. Na pasipoti hiyo ni mali ya Serikali ya Kenya, si ya madamu.

Mshahara alipata wa mwezi wa kwanza. Desemba, Januari na Februari hajaona hata riyali. Madamu asema anakata pesa alizowalipa maktab, ofisi ya mawakala ya huko Saudia. Hapo naomba mnieleze kwa maandishi. Gharama za kumtafuta mfanyakazi ni za mwajiri, na nyinyi wenyewe mlituambia "bure kabisa, mama, hata tiketi". Mbona sasa bure hiyo inakatwa kwenye mshahara wake? Tena nilipoomba arudi, ofisa wenu alinitajia shilingi 180,000 za "kumtoa". Kumtoa wapi? Kwani alikwenda kazini au alifungwa? Mimi nauza mahamri na mbaazi. Hata nikiuza kibanda na sufuria zake sizifikii pesa hizo, na hata ningekuwa nazo nisingewapa.

Ofisa huyo huyo ndiye aliyeniambia mvumilivu hula mbivu. Nilinyamaza kwa sababu ya saumu.

Nataka mshahara wake wa miezi mitatu ulipwe wote, apewe pasipoti yake na ruhusa ya kutoka, na tiketi muikate nyinyi. Hizo 180,000 sitaki kuzisikia tena. Nimeelezwa kuwa wakala hapewi leseni bila kuweka dhamana. Kama hamna pesa za tiketi, anzeni na hiyo. Nakala ya barua hii naipeleka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na ubalozi wetu Riyadh.

Nawapa siku 14. Jumatatu ya tarehe 24 nitakuwa ofisini kwenu saa tatu asubuhi, na simu nitakuja nayo. Naomba yule ofisa wa mbivu awepo, asikilize hizo sekunde arubaini.

Wenu,
Mamake msichana wa safari ya tarehe 12 Novemba