Kahawa haikuanza na mbuzi wa Kaldi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia hapa Kyotera likiwa limekwisha kupita mikono mingi, maana huja na madereva wa malori wanaovuka Mutukula. Ndiyo sababu nachelewa kuijibu makala yenu ya asili ya kahawa. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri. Ila ameanzia pale wanapoanzia wote: Kaldi mchungaji wa Ethiopia, mbuzi wake wamekula matunda mekundu na kurukaruka usiku kucha, kayapeleka kwa watawa, mtawa mmoja kayatupa motoni, harufu ikawatoa wenzake vyumbani. Halafu mwishoni kabisa Uganda ikapewa sentensi moja: kahawa ililetwa na Waingereza.

Kazi yangu ni kukoboa kahawa. Mashine iko kando ya barabara, na msimu ukikolea wakulima hupanga foleni tangu alfajiri na magunia ya kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na maganda yake. Baba yangu ni Muganda wa Buddu, huku huku, mama ni Mhaya wa Kanyigo, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, na Kiswahili nimekipata kwa wajomba. Kwetu huku na kwetu kule kahawa ilikuwemo nyumbani kabla mtu wa ukoo wetu hajajua birika la kahawa linafananaje. Kwa hiyo ile sentensi moja ndiyo iliyonikera, kuliko hata mbuzi.

Mbuzi wenyewe nao wana maneno. Hadithi hiyo ilichapwa Roma mwaka 1671, katika kijitabu cha Kilatini cha msomi Mmaroni, yaani Mkristo wa asili ya Lebanon, aitwaye Faustus Nairon. Ukimsoma Nairon utakuta mchungaji hana jina. Utakuta pia wanyama ni ngamia, au mbuzi kwa kauli ya wengine, na nchi ni Yemen, si Ethiopia. Jina la Kaldi alibandikwa na waandishi wa baadaye sana, wakamhamisha na makazi. Wakati Nairon anaandika, Istanbul ilikuwa imekaa na migahawa ya kahawa zaidi ya miaka mia moja, na London ilikuwa na wa kwake tangu 1652. Hiyo basi ni hadithi ya wanywaji waliokwisha kunywa na wanataka kujua walichokunywa kimetoka wapi. Si kumbukumbu ya mkulima.

Anayetaka maandishi ya zamani zaidi amwendee Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika katikati ya karne ya 16. Kwake hakuna mbuzi. Kuna mtu aitwaye Muhammad al-Dhabhani, mwanachuoni wa Aden aliyefariki 1470, ambaye alivuka upande wa Ethiopia akaona watu wanatumia kahawa, akarudi kwake, akaugua, akaikumbuka. Alipoinywa aliona inamwondolea uchovu na usingizi, na masufi wakaichukua kwa ajili ya dhikiri za usiku. Mimi ni Mwislamu na kipande kimoja cha habari hizo nakipenda sana: Wayemeni wa Cairo, pale mtaani kwao karibu na Azhar, walikuwa wakiinywa usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa. Kahawa ilikuwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akichota kwa kikombe kidogo na kumpa mmoja mmoja kuanzia kulia, huku wakimtaja Mungu. Mambo ya Makka mwaka 1511, Khair Beg, msimamizi wa mji, alipoipiga marufuku na sultani wa Cairo akailegeza amri hiyo, mwandishi wenu kayaeleza ya kutosha.

Wala sibishani na Waethiopia. Arabika, ile aina nyingine ya kahawa, kwao ni kwao; mpaka leo iko mwituni katika misitu ya kusini-magharibi, Kaffa na jirani zake. Ila hata huko angalieni jambo ambalo hadithi ya Kaldi inaliruka kwa haraka ya kufika kwenye kikombe. James Bruce, Mskoti aliyezunguka nchi hizo baada ya 1768, aliandika kwamba Waoromo walipokwenda safari ndefu walibeba kahawa iliyotwangwa na kuchanganywa na siagi, ikafinyangwa madonge. Waliila. Na mpaka leo wapo Waoromo wanaokaanga buni nzima ndani ya siagi wakati wa kuomba baraka. Kwa hiyo mnapoandika "kinywaji cha kale cha Afrika", mimi nasema ilikuwa ya meno kabla ya kuwa ya koo.

Sasa twende kwetu Nyanza, yaani kando ya Ziwa Victoria. Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipokaa Tabora alisikia habari za kahawa ya Karagwe, akaandika mwaka 1860 kwamba wenyeji hawaipiki bali wanaitafuna. Kahawa hiyo ndiyo robusta, na wataalamu wa mimea wa Ulaya waliipa jina la canephora mwaka 1897, kwa vielelezo vya Gabon. Waholanzi waliipeleka Java mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani, ulioonekana Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1869, kumaliza arabika yao. Huko ndiko jina la robusta lilikopata umaarufu. Hesabu miaka mwenyewe: Buganda, visiwa vya Ssese, Buhaya na Karagwe walikuwa wakiitumia kahawa hiyo hiyo kabla haijawa na jina katika daftari la mtu yeyote. Kilicholetwa na wageni mwanzoni mwa karne ile ni arabika, mbegu kutoka Malawi ya leo na Ethiopia, ambayo ikastawi Bugisu kwenye miteremko ya mlima Elgon. Mwalimu anayemfundisha mjukuu wangu kwamba "kahawa ililetwa na Wazungu" anazungumzia Mbale, mji wa Bugisu, lakini anafundishia Kyotera.

Niwaeleze basi ilivyotumika, maana hili mwandishi wenu hakuligusa. Matunda ya kutafuna huchumwa yakiwa bado mabichi, kijani. Yanachemshwa pamoja na majani yenye harufu, kila nyumba na majani yake na hawaambizani, kisha yanaanikwa mpaka yakauke na kuwa meusi. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa shida yake, huletewa kikapu kidogo chenye kahawa hizo achukue chache. Bibi yangu mzaa mama aliziweka kwenye kikapu chenye kifuniko, na kama mgeni alikuwa hampendi alimpa zile zilizovunjika. Bukoba bado mnazikuta stendi ya mabasi, zimefungwa katika maganda makavu ya mgomba. Ladha yake si ya kahawa mnayoijua: kwanza uchungu, halafu majani, halafu mate yanajaa mdomoni.

Lakini kubwa kuliko ukarimu lilikuwa omukago, udugu wa kuchanjiana. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana. Watu wawili wanaotaka kuwa ndugu walikaa uso kwa uso, tunda likapasuliwa, kila mmoja akashika punje moja. Wakachanja kidogo tumboni, wakaipaka punje damu, na kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenziwe kutoka kiganjani mwake. Toka hapo watoto wa huyu ni watoto wa yule. Ukimficha adui wa ndugu yako au ukimnyima hifadhi usiku, umevunja kitu ambacho wazee walikiogopa kuliko mahakama. Babu yangu wa Buddu alikuwa na ndugu wa namna hiyo, mvuvi wa Kalangala. Tulimwita babu vile vile, na mazishini alikaa mahali pa ndugu wa tumbo moja bila mtu kuuliza. Kwa UKIMWI na magonjwa mengine simshauri mtu leo achanje. Nawauliza tu: kati ya jambo hilo na mbuzi wanaocheza, lipi linafaa kufungulia makala ya asili ya kahawa katika gazeti la Afrika Mashariki?

Kuna jingine, na hili si la wazee, ni la maabara. Arabika ni chotara. Wataalamu wa vinasaba wamethibitisha kwamba wazazi wake ni canephora, yaani hii robusta yetu, na jamii nyingine ya mwituni iitwayo eugenioides, ambayo inaota katika misitu ya nyanda za juu Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Utafiti uliotoka 2024 ulikadiria kwamba walichanganyika miaka kama 600,000 iliyopita. Robusta nayo bado iko mwituni katika msitu wa Kibale, nendeni mkaione. Wanunuzi wanaokuja kwangu huipapasa robusta kwa dharau kidogo, bei ni ya robusta, heshima ni ya arabika. Nawaambia hapo mnamdharau baba wa bibi harusi. Wengine hucheka, bei haipandi.

Na kwa nini nina haraka? Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana hapa Uganda 1993, na katika miaka kumi hivi ukawa umeua karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini. Iliyokufa kwa wingi kwetu ilikuwa ile ya zamani, nganda tunaiita, yenye matawi yanayolala mpaka chini ya migomba na chini ya mituba, miti ya kutengenezea vitambaa vya magome. Taasisi ya utafiti iliyoko Kituza, Mukono, ilitoa miche inayohimili ugonjwa, ile ya KR, na mimi nakoboa matunda yake kila msimu, sina neno nayo. Nchi inauza nje zaidi ya magunia milioni 6 kwa mwaka. Ila mibuni ya nyuma ya nyumba, ambayo bibi fulani alijua ndiyo ya kutafuna na ile ya pili ndiyo ya kuuza, ilikufa pamoja na maelezo yake. Vijana wanaoniletea gunia hawajui kwamba kahawa inaliwa. Mmoja alidhani namtania.

Sasa ombi langu. Mmetenga ukurasa mzima kwa Kaldi. Tengeni mwingine kama huo kwa kahawa ya Nyanza, na msiuandikie mezani. Mtumeni mtu Buddu, avuke mpaka Ssese kwa kivuko cha Bukakata, kisha ashuke Missenyi na Bukoba awasikilize na wale. Hapa kwetu namjua bibi mmoja ambaye bado anachemsha, na amekubali kuonyesha yote isipokuwa majani. Msingoje mavuno. Wanahabari hupenda kuja Juni, kahawa ikiwa nyekundu, kwa ajili ya picha, na wakati huo za kutafuna zimekwisha kupita. Aje Aprili, zikiwa bado kijani.

Wenu,
Mkoboaji kahawa,
Kyotera, Uganda