Kisa cha Dhari Devi kisimuliwe chote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kisa kinachorudiwa kila yanapotajwa mafuriko ya Uttarakhand, kaskazini mwa India: kwamba sanamu ya mungu wa kike Dhari Devi iliondolewa mahali pake kando ya mto Alaknanda jioni ya tarehe 16 Juni, 2013, ili kupisha bwawa la umeme, na kwamba kwa hasira yake mafuriko yakashuka na kuua maelfu ya watu, wengi wao mahujaji waliokuwa Kedarnath.

Kinachoachwa ni kwamba mvua kubwa ilikuwa imekwisha kuanza kabla sanamu haijaguswa. Tena ilihamishwa siku ile kwa sababu maji ya mto yalikuwa yakipanda na kulitishia hekalu. Asubuhi ya tarehe 17 ziwa la Chorabari, lililo juu ya Kedarnath, lilibomoa kingo zake kwa wingi wa mvua na theluji iliyoyeyuka.

Sisemi hivi kwa kudharau imani ya watu wa Garhwal, eneo la Uttarakhand lenye hekalu hilo, kwani masimulizi yao ni mazuri kuliko kisa hiki cha kisasi. Wao husimulia kwamba zamani gharika iliichukua sanamu hiyo hadi ikakwama kwenye mwamba karibu na kijiji cha Dhari, wanakijiji wakasikia sauti ikilia na kuwaagiza waisimike papo hapo. Sehemu ya juu ya mwili wa Devi huabudiwa Dhari, na ya chini iko katika kijiji cha Kalimath, anakoabudiwa kama Kali. Husemwa pia kwamba uso wake hubadilika kutwa: asubuhi msichana, mchana mwanamke mzima, jioni bibi kizee. Hapaswi kuezekewa paa, na wenyeji humtambua kuwa mlinzi wa bonde lao na wa safari ya hija ya kwenda Badrinath, Kedarnath, Gangotri na Yamunotri.

Wenyeji hao waliupinga kwa miaka mingi mradi huo wa bwawa la umeme wa megawati 330 karibu na mji wa Srinagar (si ule wa Kashmir), na watu wengi wakawaona wenyeji hao kuwa washirikina tu. Mwezi Agosti 2013 Mahakama ya Juu ya India, ikiamua kesi ya mradi huohuo, iliagiza vibali vipya vya umeme wa maji katika Uttarakhand visitolewe kwanza na iundwe kamati ya wataalamu kuchunguza athari za mabwawa. Sanamu yenyewe ilirejeshwa Januari 2023, katika hekalu jipya lililoinuliwa kwa nguzo juu ya maji, palepale ilipokuwa.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, kila makala ya kisa hiki itakapochapishwa, saa ya mvua na malalamiko ya wanakijiji yaandikwe pamoja na hasira ya Devi.

Msomaji wako,
Tanga