Kwa wanaonunua boti kwa mara ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakazi wa Dar es Salaam wanaonunua boti kwa mara ya kwanza ili kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo mwishoni mwa juma. Wengi huulizia kwanza nguvu ya injini, ilhali kabla ya kushusha chombo majini inawapasa kuwaona TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kikaguliwe na kusajiliwa. Atakayekipeleka Unguja ataonana na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Linaloniumiza zaidi ni jaketi okozi. Utazikuta zimefungwa kwenye gunia chini ya kiti, au mtoto amevalishwa ya mtu mzima ambayo, akitumbukia, itapanda hadi masikioni naye achopoke chini yake. Jaketi ivaliwe kabla ya kung'oa nanga, imtoshe mvaaji, na mikanda yake ikazwe. Kadhalika kamba ya kuzimia injini: nahodha asipojifunga nayo, akirushwa na wimbi boti huendelea kwenda, na pengine huzunguka ikamrudia yeye mwenyewe huku pangaboi likikata maji.

Visiwa hivyo ni maeneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo nanga itupwe penye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Msimu wa kusi, mtu asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla ya kutoka, na amwachie jamaa aliye nchi kavu saa ya kurudi. Nawasihi wauzaji wa boti wayaeleze haya kabla ya kupokea malipo.

Msomaji wako,
Kunduchi, Dar es Salaam