Ramu ndani ya chokoleti itajwe mbele ya mgeni

Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie wanaotengeneza nyumbani trafli, yaani vitufe laini vya chokoleti na krimu vilivyotiwa ramu, kisha vikachovywa katika chokoleti iliyoyeyushwa.

Wengi huamini kwamba pombe iliyotiwa katika chakula hutoweka yote kwa moto. Hilo si kweli hata kwa keki, na kwa trafli ni mbali zaidi na ukweli: krimu huchemshwa kwanza na kumiminwa juu ya chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, na ramu huongezwa mchanganyiko ukishapoa, ili harufu yake isipotee. Kwa gramu 200 za chokoleti na mililita 100 za krimu, vijiko viwili vya chakula vya ramu vinatosha. Hata chokoleti ya kuchovyea, ambayo huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi za Selsiasi, ikapozwa hadi 27 na kupashwa tena hadi 31 ili ikiganda ing'ae na kuvunjika kwa mlio, haina joto la kuifukuza pombe iliyomo ndani.

Kwa hiyo mwenye kualika Waislamu, Wasabato, watoto, wajawazito au watu walioacha ulevi ana wajibu wa kusema waziwazi kabla sahani haijazungushwa. Ingefaa zaidi atengeneze fungu jingine, katika bakuli jingine, lenye iliki na maganda ya chungwa yaliyokunwa. Nami naliona tamu kuliko lile la ramu.

Msomaji,
Mbeya