Kumfungia teja wiki tatu si kumponya

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayorudiwa sana hapa Malindi, barazani na hata mimbarini: kwamba kijana anayetumia unga, yaani heroini, amekosa haya tu, na akifungiwa chumbani wiki tatu mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, imwishe, atakuwa amepona. Akirudia, ni mkaidi. Najua wanaosema hivyo ni wazazi waliochoka kulia, na uchungu wao nauheshimu. Lakini hoja hii inaua watoto wao.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, nayo hushika vipokezi (sehemu za seli za kupokelea kemikali) ambavyo kila binadamu anavyo kwa ajili ya endofini, dawa ya maumivu inayotengenezwa na mwili wenyewe. Wanasayansi walivitambua vipokezi hivyo mwaka 1973. Viko sehemu nyingi za ubongo, na ndiyo sababu unga hufanya mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Ndani ya ubongo wa kati hufungulia dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni muhimu, likumbukwe, litafutwe tena. Kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, hupunguza kasi ya pumzi. Hapo ndipo mtu hufia.

Anayetumia kila siku, ubongo wake hujirekebisha. Seli zinazotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili, hukandamizwa na unga, nazo hujibu kwa kuongeza bidii. Ni kama baharia aliyekaa jahazini siku nyingi: mwili umezoea kushindana na mawimbi, akishuka gatini nchi kavu inamyumbisha. Unga ukikatika, bidii ile inabaki haina cha kushindana nacho, na hiyo ndiyo arosto: makamasi, machozi, miayo, vinyweleo kusimama, kuhara, mifupa kuuma. Huanza muda wa saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi.

Sasa wiki tatu zimepita, kijana ananawiri, anakula. Mambo mawili yametokea, na hayaendi kwa mwendo mmoja. Ule uwezo wa mwili kuhimili dozi kubwa umeshuka haraka. Kumbukumbu iliyoandikwa na dopamini haikufutika. Kichochoro kile cha Maweni au Shella, rafiki wa zamani, karatasi ya foili ya kuvutia unga, hata mshahara mkononi, vyote huamsha hamu upya. Anarudia kipimo chake cha zamani katika mwili usiokiweza tena, na pumzi inasimama. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela au soba hausi (nyumba ya kurekebishia mateja) ndizo hatari kuliko zote.

Mkimkuta mtu haamki, anakoroma kwa kukwama, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano na midomo imepauka au kuingia kijivu, msimmwagie maji wala kumnywesha au kumdunga maziwa au maji ya chumvi. Msugueni kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, iteni msaada, inueni kidevu chake, mbaneni pua na mpulizieni pumzi moja kila baada ya sekunde 5. Mwenye naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini, amdunge miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, asubiri dakika 2 hadi 3, na kama pumzi haijarudi arudie. Akishapumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Msimwache peke yake, maana nguvu ya naloksoni huisha kati ya dakika 30 na 90 na unga unaweza kumlaza tena. Apelekwe hospitali hata akisema ni mzima.

Kuhusu jeni, wapo wanaosema ukoo fulani una damu ya uteja. Hakuna jeni moja ya uteja. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika hatari hii hutokana na urithi, kupitia jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Iliyobaki ni maisha. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971 walifuatiliwa: karibu mmoja kati ya watano alisema alinaswa na heroini akiwa huko, lakini wengi wa walionaswa hawakurudi kwenye uteja walipofika nyumbani. Mazingira yale yaliyoamsha hamu hayakuwapo tena. Vijana wetu hatuwahamishi bara jingine. Wanatibiwa mtaa uleule.

Ndipo inapoingia methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uteja wa heroini, inayotolewa hapa Malindi tangu 2015. Najua inavyosemwa, kwamba ni kubadilisha unga kwa unga. Sikubaliani kabisa. Methadoni hushika vipokezi vilevile lakini polepole, na dozi moja ya kunywa hukaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hakuna kupanda na kuporomoka mara nne kwa siku. Huanzwa kwa kiasi kidogo, kisichozidi miligramu 30 siku ya kwanza, kwa sababu ya jana bado imo mwilini ya leo inapoingia, na huendelea kurundikana kwa siku kadhaa. Anayechanganya na pombe au bugizi (vidonge vya usingizi) siku hizo anajitafutia kifo. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Familia isimsukume apunguze ili majirani waridhike. Akikosa siku 3 mfululizo, asidai dozi ile ile. Daktari aipime upya.

Kuna kosa moja linalowatesa wagonjwa bure. Mwenye kifua kikuu akianza rifampisini, vimeng'enya vya ini huivunja methadoni haraka zaidi, na baada ya wiki moja au mbili arosto inamrudia. Huambiwa anajifanya. Hajifanyi. Kliniki zote mbili zijue dawa zake zote, dozi iongezwe, na tiba ya kifua kikuu ikimalizika ipunguzwe taratibu, la sivyo itamzidi. Mama mjamzito naye asiachishwe ghafla kwa kisingizio cha kumlinda mtoto, kwani arosto kali inaweza kuiharibu mimba.

Ninaloomba ni mambo matatu. Soba hausi na magereza wamuunganishe mtu na kliniki kabla hajatoka, wala si baada ya kurudi mtaani. Mwezi wa Ramadhani methadoni itolewe pia baada ya futari, ili aliyefunga asilazimike kuchagua. Na askari akimkamata mgonjwa wa methadoni, amwulize anakunywa kiasi gani na wapi, na kituo kipige simu hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi wa afya ya akili,
Malindi