Ile picha uliyoniagiza

Silver Spring, Jumapili usiku

Kaka Eli,

Shikamoo ya Mama umfikishie. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, usianze kununa. Zamu za usiku zimenimaliza.

Picha ya milima ya kutundika mapokezi nimeipata. Nakala tu, maana yenyewe iko National Gallery kule Washington, ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Thomas Cole aliichora 1839: Crawford Notch, penyo jembamba kwenye milima ya White Mountains, New Hampshire. Majani yameshika rangi ya kutu, wingu jeusi limeulalia mlima upande mmoja. Kuna mtu juu ya farasi mweusi, kadogo kama punje ya mchele, anaelekea nyumba ya wageni. Nikasema hii hii, Eli ataipenda.

Kisha nikajitia kusoma habari za pale mahali. Kumbe Agosti 1826 mvua ilipiga hadi mlima ukaporomoka usiku. Samuel Willey, mkewe, watoto watano na vibarua wawili walitoka nyumbani mbio kujiokoa. Wote tisa wakafa. Na nyumba haikuguswa, Eli! Mwamba uliokuwa nyuma yake uligawa maporomoko, yakapita huku na huku. Wangelala tu.

Unadhani watu waliikimbia sehemu ile? Thubutu. Watalii ndio kwanza wakamiminika kuiona nyumba, wachoraji nao nyuma yao. Cole mwenyewe alifika pale 1828, miaka miwili tu baadaye! Sasa kila nikimtazama yule wa farasi natamani kumwambia ageuze. Nimeiviringisha, nimeificha nyuma ya kabati, na bado namwona.

Mama Neema akisikia atasema nakuletea mkosi kwenye biashara changa. Kimaro naye, namjua, atataka uwasimulie wageni kabla ya mtori, halafu uongeze bei ya chumba. Na watalipa, ndilo linaloniudhi. Hata mimi, bila kile kisa, ningekuwa nimeshaiposti wiki iliyopita bila kuitazama mara ya pili.

Basi niitume nisiitume? Ukuta umeshapakwa rangi, au fundi bado anakupiga chenga? Nani anakuja huko Agosti nimkabidhi? Na ukiitundika, mgeni akiuliza ni wapi pale, utamjibu nini?

Wako,
Goodluck