Mbona nyie mnachelewa kufunga AC? Ishu ni vakyumu

Hili swali tunaulizwa karibu kila wiki, mbona fundi mwingine anafunga AC saa moja tu kashaondoka, nyie mnakaa mpaka mchana halafu kuna kimashine kinanguruma huko nje mnakiangalia tu. Hicho kimashine ni pampu ya vakyumu, yaani inanyonya hewa na unyevu wote kutoka kwenye paipu kabla gesi haijaingia. Tukiiruka hiyo hatua wala hutajua, AC itapoza fresh, utatulipa na tutaagana tukicheka.

Iko hivi. AC mpya ya split inakuja na gesi yake tayari, imefungiwa kwenye mashine ya nje tangu kiwandani. Mashine ya ndani na paipu za kopa tunazounga hapo kwako zina hewa ya kawaida, na kama ni Dar mwezi wa nne hiyo hewa ni maji matupu. Fundi akifungua valvu hapo hapo, gesi inachanganyika na hivyo vyote. Hewa haigeuki kimiminika kule nje kama gesi inavyofanya, inakaa tu inabana nafasi, presha inapanda, kompresa (ile mota inayosukuma gesi izunguke) inakazana na yuniti za LUKU zinayeyuka. Unyevu ndo mbaya zaidi. Oili ya AC za siku hizi, hizi zenye gesi ya R410A na R32, inanyonya maji balaa, na yakikutana na lile joto la kompresa inatengenezwa asidi ambayo inakula taratibu waya za mota humo ndani, mwisho wa siku kompresa inaungua na lawama zote anabebeshwa umeme.

Kuna njia ya mkato unaweza ukaiona. Fundi analegeza nati ya paipu nene, anafungua kidogo valvu ya paipu nyembamba, gesi inasukuma hewa nje fsss, anakaza, kazi imeisha. Enzi za R22, gesi ya AC za zamani, wengi walijifunza hivyo na hatuwacheki. Ila unyevu ulioshika kwenye kuta za paipu hautoki kwa kupuliza, gesi uliyoinunua ndo inapotea, na R32 inashika moto, sasa mtu anaipuliza hapo balkoni na jirani wa chini anakaanga samaki kwenye jiko la mkaa!

Sisi kabla ya pampu tunajaza nitrojeni kavu kwenye paipu na kupaka povu la sabuni kwenye kila nati, penye tundu utaona mapovu yanatoka. Ukimuona fundi yeyote anataka kutest kwa mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, mwambie ashuke ngazi. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inalipuka, hapo hakuna mjadala.

Nitrojeni ikishatolewa ndo pampu inawashwa. Geji ya bluu ya kawaida itafika mwisho baada ya dakika chache na hapo ndo wengi wanazima, lakini ile geji haina macho ya kuona kilichobaki. Tunafunga geji ya dijitali inayosoma mikroni, kipimo cha presha ndogo sana. Hewa ya kawaida huku pwani ni kama mikroni 760,000, sisi tunataka chini ya 500, na kwa presha ndogo hivyo maji yanachemka yenyewe bila moto, yanakuwa mvuke, pampu inauvuta. Tukifika hapo tunaitenga pampu na kusubiri dakika kumi au zaidi. Namba ikipanda kisha ikatulia mahali, bado kuna unyevu, tunarudia. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu, tunalitafuta. Ikikaa vizuri ndo tunafungua valvu za nje na gesi inaingia kwenye paipu safi.

Sasa hela ya "kujaza gesi" kwenye AC mpya. Angalia stika ya mashine ya nje au kitabu chake, kimeandika gesi iliyomo inatosha paipu za mita ngapi. Kama paipu zako hazizidi hapo, hakuna cha kujaza na usilipie. Zikizidi, kiwanda kimeandika gramu za kuongeza kwa kila mita, na hizo zinapimwa kwa mzani, sio kwa kusikilizia baridi. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili kwahiyo inatolewa kwenye mtungi ikiwa kimiminika, ndo maana utaona mtungi umepinduliwa kichwa chini, fundi hajachanganyikiwa.

Na gesi ya AC haiishi kama petroli. Kama unaongezewa kila baada ya miezi sita basi inavuja, na anayekuongezea bila kutafuta tundu anakufanya mteja wa kudumu.

Bei yetu ya kufunga ina nitrojeni na vakyumu humo humo. Gesi ya ziada tunachaji kwa gramu, na namba ya kwenye mzani unaisoma mwenyewe kabla na baada. Ukitaka kuona na geji ikisoma mikroni sema tu, tutakuita.